Naamini, Nasadiki, Najua: Mazungumzo juu ya Maneno Machache ya Kiingereza

Jioni hii twataka kuzungumza nanyi juu ya maneno machache ya Kiingereza ambayo mtu aliyekwisha kuvipita vitabu vya kwanza vya lugha hiyo hudhani kwamba ayajua, kumbe bado. Ni maneno wayatumiayo Waingereza kusema kwamba jambo fulani wameliweka moyoni kuwa ni kweli. Mwanafunzi akiyatafuta maana yake, mengi hupewa jibu lile lile, "imani", naye huyaandika katika daftari lake mstari mmoja, kana kwamba ni mapacha. Si mapacha. Sisi tulilipata fundisho hilo kwa njia isiyopendeza, na kijana mmoja ndiye aliyelipa ada yake. Basi na tuanze na kisa chake.

Kijana huyo wa kwetu alitaka kazi ya kutunza ghala na kupokea fedha katika nyumba moja ya biashara. Mwenye kazi alitaka barua kutoka kwa mtu amjuaye, naye akatujia sisi. Tulifurahi, kwa kuwa tulimjua tangu alipokuwa akichunga mbuzi, tukawajua na wazazi wake, wala hatukupata kusikia kwamba alichukua hata embe la mtu. Tukaketi, tukaandika kwa Kiingereza chetu kilicho bora, na mwisho wa barua tukaweka maneno tuliyoyaona kuwa ndiyo yenye uzito kupita yote: "I believe he is honest." Kwetu yalikuwa mazito kweli kweli, kwa maana tulipokuwa tukiyaandika, masikioni mwetu yalikuwa yakilia kwa Kiswahili: twamwamini, ni mwaminifu. Tukapiga sahihi, tukamwombea heri.

Kazi hakuipata. Miezi ikapita. Siku moja rafiki yetu mmoja, aliyefanya kazi na Waingereza miaka mingi, aliiona nakala ya ile barua. Akaisoma, akacheka kidogo, halafu akanyamaza. "Ndugu zangu," akasema, "hapa mmemwambia yule bwana kwamba mwadhani kijana huyu si mwizi, lakini hamkubali kuapa."

Tulikasirika kwanza. Neno "believe" si ndilo neno la kanisani? Si ndilo lisemwalo juu ya Mungu mwenyewe? Ndilo. Lakini neno hilo lina miguu mitatu, nasi tuliushika mguu uliokuwa mfupi.

Sikilizeni vizuri. Mwingereza akisema, "The train leaves at six," amesema garimoshi laondoka saa kumi na mbili, basi. Likiondoka saa kumi na moja mwaweza kumlaumu. Akisema, "I believe the train leaves at six," amejitoa nusu. Maana yake ni kwamba amesikia hivyo, au akumbuka hivyo, walakini ni afadhali mkaulize stesheni. Neno lile tulilodhani ni nguzo, yeye amelitumia kama mlango wa kutokea. Kwa Kiswahili tungesema "nadhani", au "kwa nijuavyo mimi". Huo ndio mguu wa kwanza, nao ndio mfupi.

Mguu wa pili ni "I believe him". Hapa mtu ameleta habari, nawe waikubali kwa sababu ni yeye aliyeileta. Twakaribia neno letu "kumsadiki mtu". Waweza kumsadiki mtu leo katika jambo moja, na kesho usimsadiki katika jingine, hakuna ugomvi.

Mguu wa tatu ni "I believe in him". Neno dogo "in", lenye herufi mbili tu, limegeuza yote. Sasa husemi tena juu ya habari aliyoileta. Wasema juu yake yeye, kwamba umeuegemeza moyo wako kwake, na hata kama leo hana la kusema, wewe u pamoja naye. Ndilo wasemalo wacha Mungu juu ya Mungu, na mama juu ya mwanawe aliyeanguka mtihani. Wanafunzi wengi huliacha neno hili "in" kwa haraka, kama mtu aachaye nukta, kumbe wameacha roho ya usemi. Yatupasa kuongeza kwamba wako wanaokosea upande wa pili: huandika "I believe in the train", na Mwingereza hubaki akijiuliza ni dini gani hiyo.

Zamani sana neno hili halikuwa na baridi iliyo nalo leo katika mguu wake wa kwanza. Wajuzi wa asili za maneno wasema kwamba latoka katika shina moja na lile neno la Kiingereza la kupenda, "love". Kuamini kwa Waingereza wa kale kulikuwa kulishika jambo kama kitu kipendwacho. Maneno, kama nguo, hupauka kwa kufuliwa kila siku. Hata kwetu ni hivyo. Mtu akikuambia "bila shaka atakuja", je, huanzi kuona shaka? Angekuwa na hakika, angesema "atakuja" tu.

Baada ya kisa cha barua tulitaka kujua ni wapi hasa Mwingereza aliweka mpaka kati ya kuamini na kujua. Tuliuona wazi katika sheria zake. Uko usemi wa kale wa wanasheria wa Uingereza, uwekwao mwishoni mwa maandiko ya kiapo, ambao wasema kwamba mambo haya ni kweli kadiri ya "knowledge, information and belief" ya mwenye kuapa. Ni madaraja matatu. La juu ni "knowledge": jambo ulilolijua mwenyewe, kwa macho yako au kwa mkono wako. La pili ni "information": habari uliyopewa na mwingine. La tatu, chini kabisa, ni "belief": jambo usiloliona, ambalo kwa kuzipima zile habari umelikubali kuwa kweli. Na mwenye kuapa hutakiwa kuonyesha lipi ni la daraja gani, na hilo la tatu amelitoa wapi. Basi mtazame kijana wetu. Sisi tulimjua miaka mingi kwa macho yetu wenyewe. Haki yake ilikuwa daraja la juu, nasi kwa kutaka kumpamba tulimteremsha hata ngazi ya chini.

Liko neno lingine ambalo lingetufaa zaidi katika barua ile, nalo ni "trust". Neno hili Waingereza walilipata kwa watu wa kaskazini waliokuja katika visiwa vyao kwa merikebu, wakipigana na kufanya makao, na asili yake ni uthabiti, kitu kisimamacho imara. Tena ni jamaa ya neno "true", yaani kweli. Waweza kuamini kwamba daraja ni zima nawe ukingali ukingoni. Mwenye "trust" yu katikati ya daraja na mzigo wake kichwani. Ndiyo maana katika sheria yao mali aliyokabidhiwa mtu aitunze kwa ajili ya mwingine, kama mali ya yatima, huitwa "trust" vile vile. Hapo Kiswahili chetu chaenda sawa na Kiingereza, maana sisi twasema "amana", na amana, amini, imani na uaminifu ni watoto wa shina moja la Kiarabu, ambalo ndani yake mna maana ya usalama.

Na "faith" je? Hilo ndilo lililo karibu kuliko yote na "imani" yetu. Lilitoka Kilatini, likapitia kinywani mwa Wafaransa, na likaingia Uingereza baada ya Wanormandi kuishinda nchi ile mwaka 1066. Watu wengi hufikiri kwamba ni neno la dini tu. Lakini zamani lilikuwa pia neno la ahadi baina ya mtu na bwana wake, na alama za maana hiyo zingaliko. Mtu akitimiza ahadi amelishika "faith", akiivunja amelivunja, na mkataba uliofanywa kwa nia njema, bila hila, husemwa kuwa ulifanywa "in good faith". Kwa hiyo katika neno hili hamna kukubali jambo tu, mna na kudumu nalo. Mwenye "belief" aweza kuibadili asubuhi akipata habari mpya, wala hatahayari. Aiachaye "faith" yake huonekana ameacha watu, ameacha na sehemu ya nafsi yake.

Maneno kama "opinion" hatutayakalia sana. Hiyo ni rai, na kila mtu ana yake. Angalieni tu kwamba rai ya daktari au ya mwanasheria, ijapokuwa huitwa kwa neno hilo hilo, hununuliwa kwa fedha, na ya jirani hutolewa bure hata usipoiomba. Na "creed" ni orodha ya mambo waliyoyakubali watu wa dini moja, ambayo jina lake latokana na "credo", neno la Kilatini lenye maana ya "nasadiki", lifunguliwalo nalo ungamo lenyewe.

Sasa twafika kwenye neno tulilolikusudia hasa jioni hii, nalo ni "conviction". Mkilisikia mahakamani, maana yake ni kuhukumiwa kuwa na hatia. Mkilisikia katika hotuba au kitabu, ni imani thabiti iliyokaa moyoni hata haitikisiki. Imekuwaje neno moja likafunga watu jela na tena likawasifu wenye msimamo? Asili yake yafumbua fumbo. Kwa Kilatini ni kushinda, tena kushinda kabisa. Shakespeare, katika tamthilia yake ya Macbeth, alimpa mke wa Macbeth maneno ya kuwashinda walinzi wa mfalme kwa ulevi, na neno alilotumia ni hilo hilo "convince". Pombe iliwashinda walinzi. Ushahidi humshinda mshtakiwa. Na hoja humshinda mtu mwenye mashaka. Kwa hiyo "conviction", likitumiwa kwa haki, ni imani ya mtu aliyeshindwa. Alikuwa na shaka, akapigana na jambo, jambo likamwangusha, naye akakubali. Mtu ambaye hakupata kuona shaka hata siku moja aweza kuwa na mazoea, aweza kuwa na ukaidi, lakini neno hili twaona hajalistahili. Hiyo ni rai yetu. Wako watakaosema twalibana mno.

Hapa pia mtaona tofauti ya "convince" na "persuade", ambayo watahini hupenda kuiuliza. La pili latoka katika shina la utamu. Aliyekuwa "convinced" akili yake imeshindwa kwa hoja. Aliyekuwa "persuaded" amebembelezwa hata akainuka kutenda. Mganga aweza kukuonyesha wazi kwamba tumbaku yakudhuru, ukakubali yote, ukatoka nje ukawasha nyingine. Ameipata akili yako, hajaupata mkono.

Lakini ni kiasi gani cha ushindi kitoshacho kumtia mtu hatiani? Swali hilo si la kamusi tu. Watu wamenyongwa kwa jibu lake. Mwaka 1934, mwezi wa Desemba, katika nchi ya Uingereza, kijana mmoja wa shamba aitwaye Reginald Woolmington, mwenye umri wa miaka 21, alimpiga risasi mkewe Violet, naye akafa. Mke alikuwa amemwacha na kurudi kwa mama yake. Kijana alisema kwamba alikwenda na bunduki ili amwogofye mkewe kwa kusema kwamba atajiua mwenyewe asiporudi, na bunduki ikafyatuka bila yeye kutaka. Hakuna mwingine aliyekuwapo kuona. Mara ya kwanza watu 12 wa baraza la kuamua kesi hawakupatana. Akashtakiwa mara ya pili, na jaji akawaambia wale 12 kwamba, maadamu imethibitika kijana ndiye aliyeua, ni juu yake mshtakiwa kuonyesha kwamba hakuua kwa kusudi. Wakamwona ana hatia, akahukumiwa kufa.

Shauri lilipanda hata Baraza la Malodi mwaka 1935. Huko Lodi Sankey alitoa hukumu ambayo wanafunzi wa sheria wangali wanaisoma. Alisema kwamba katika sheria yote ya jinai ya Uingereza umepita uzi mmoja wa dhahabu: ni wajibu wa mwenye kushtaka kuthibitisha hatia, si wajibu wa mshtakiwa kuthibitisha usafi wake, na mwishoni ikibaki shaka iliyo na sababu, mshtakiwa na aachiliwe. Woolmington akafunguliwa. Angalieni vizuri, wasikilizaji: malodi hawakusema kwamba wamemwamini kijana. Wala hawakusema kwamba hakuua kwa kusudi. Walisema tu kwamba wale 12 walipotoshwa juu ya kipimo cha yakini kilichotakiwa kwao. Uhai wa mtu ulikuwa ukining'inia katika tofauti ya kudhani sana na kutokuwa na shaka.

Tena kipimo si kimoja. Katika madai ya mali, kama mpaka wa shamba au deni, sheria ya Uingereza hutosheka na mizani: upande ulioelemea hata kidogo ndio ushindao. Katika jinai mizani ikielemea kidogo haitoshi. Twawasikia watu barazani wakisema, "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja," kisha jina la mtu limekwisha haribika kabla ya magharibi. Methali hiyo yafaa kwa mvua na kwa ndoa. Kwa wizi haifai.

Liko neno "certain", ambalo ndilo "yakini" au "hakika". Asili yake hupendeza, nayo itaeleweka vema na kina mama wanaotusikiliza. Latoka katika neno la Kilatini la kuchekecha. Jambo lililo "certain" ni lile lililotiwa katika chekeche, makapi yakatoka, unga ukabaki. Wala si jambo lililopigiwa kelele sana. Jirani yake "sure" ni jepesi zaidi, na limepatwa na maradhi yale yale ya "bila shaka" yetu. Mwingereza akikuambia, "I am sure it will be all right," mara nyingi akufariji tu, wala hajui lolote. Usinunue saruji kwa neno hilo.

Labda mmoja wenu ataona kwamba twayasifu mashaka kupita kiasi, na kwamba watu wakuu walitenda makubwa kwa sababu hawakusita. Ni kweli. Na mfano ulio mzuri tuujuao una uchungu ndani yake. Mwaka 1650 Oliver Cromwell, aliyekuwa amiri wa majeshi ya Kiingereza, aliingia Uskoti kwa vita. Wazee wa kanisa la Uskoti walikuwa wameshikilia kwamba upande wao ndio upande wa Mungu. Cromwell aliwaandikia barua tarehe 3 Agosti, akawasihi sana wafikiri kwamba yamkini wamekosea. Barua hiyo ni mashuhuri hata leo, na wataalamu wa hesabu na wa elimu nyingine hupenda kuitaja wanapofundisha kwamba mtu asiifunge kabisa akili yake. Waskoti hawakukubali. Tarehe 3 Septemba majeshi yakakutana Dunbar, nao wakashindwa vibaya.

Lakini huyu aliyewasihi wenzake waone shaka, mwaka mmoja nyuma, Septemba 1649, alikuwa Ireland, mbele ya mji wa Drogheda. Mji ulipotekwa, waliuawa watu wengi, hata waliokuwa wamekwisha kuweka silaha chini, naye akaandika kwamba hiyo ilikuwa hukumu ya haki ya Mungu. Hapo yeye mwenyewe hakujiuliza kama yamkini amekosea. "Conviction" ya jirani yake aliitia katika chekeche. Ya kwake aliila na makapi. Tukimhukumu kwa hilo tumhukumu kwa haki, kwa maana ni wachache sana miongoni mwetu ambao wamepata kujiandikia wenyewe barua kama ile.

Wengine watauliza: je, Kiswahili hakina tofauti hizi? Kinazo tele, ila tumezoea kuzichanganya. Dhana ni ya mwenye kukisia. Kusadiki ni kukubali neno kuwa ni kweli, na shina lake la Kiarabu ni la ukweli. Itikadi latoka katika shina la kufunga fundo, na kweli mwenye itikadi ni mtu aliyelifunga jambo moyoni, wala fundo halijui kama kamba ni nzuri au mbovu. Yakini ni ya aliyeona au aliyethibitishiwa hata shaka ikatoka. Mkiwa mwatafsiri kutoka Kiingereza, jiulizeni kwanza msemaji amesimama wapi: ameona, ameambiwa, amepima, au amependa tu? Mkiisha kujua hilo, neno la Kiswahili litakuja lenyewe. Mkianzia katika kamusi, mtaandika "imani" kila mahali, na barua zenu zitakuwa kama ile yetu.

Tumebakiwa na dakika moja, na hapana shaka mwataka kujua habari za kijana. Mwaka uliofuata alitujia tena, kwa ajili ya kazi nyingine ya namna ile ile, katika nyumba nyingine. Tulikuwa na haya kidogo kuichukua kalamu, lakini tuliichukua. Safari hii hatukuweka "believe" wala "faith" wala neno lolote kubwa. Tuliandika kwamba tumemjua tangu utoto wake. Kwamba miaka miwili alishika fedha za chama chetu cha kuzikana. Kwamba kila mwisho wa mwezi tulizihesabu mbele yake. Na kwamba haikupungua hata senti moja. Tukaanza na maneno mawili tu, "We know". Alianza kazi mwezi uliofuata.

Kwa herini.